Maji Kwanza, Mkono Baadaye

(Hotuba iliyotolewa Rwamgasa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Katibu aliponiambia kwamba zamu hii nizungumze juu ya kutunza rangi ya gari nyumbani, nilidhani ananitania. Nilimwuliza kama hakuna jambo zito zaidi la kuwaambia watu wazima waliosafiri kutoka Mwanza, Shinyanga na hata Dar es Salaam. Akanishika mkono, akanitoa nje ya ofisi yake, akanionyesha magari yaliyoegeshwa pale. "Hesabu mwenyewe," akasema, "mangapi yamenunuliwa kwa mkopo, na mangapi yamefifia rangi kabla mkopo haujakwisha." Nikanyamaza, kwa sababu la kwangu la kwanza lilikuwa miongoni mwa hayo yaliyofifia.

Najua wapo watakaosema kwamba gari ni injini, na rangi ni urembo tu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini kwa mtumishi wa serikali kama mimi, baada ya nyumba, gari ndiyo mali kubwa kuliko zote anazopata maishani mwake. Siku ya kuliuza, mnunuzi haanzi kwa kufungua boneti. Huanza kwa kulizunguka.

Ndugu zangu, mnaikumbuka Land Rover ya shule? Kila Ijumaa waliochelewa mstarini walipewa adhabu ya kuiosha. Tulichukua dodoki, mchanga kidogo na sabuni ya kufulia, tukaisugua mpaka mikono ikauma. Rangi yake ilikwisha kung'aa kabla sisi hatujafika kidato cha pili, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Tuliondoka shuleni tukiamini kwamba gari hutakata kwa nguvu za mkono. Imani hiyo niliibeba mpaka chuo kikuu, nikaileta na ukubwani.

Mwaka 2016 nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua Toyota iliyotumika kutoka Japani, ya rangi ya bluu iliyokolea. Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba hapa Rwamgasa, karibu na karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Wenyeji mnajua vumbi la pale lilivyo. Ukiosha jioni, asubuhi gari limevaa kanzu. Nilikuwa naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili. Nilimpa fulana yangu kuukuu, nikamfundisha kazi moja: kila asubuhi kabla ya kwenda shule, apanguse gari zima kwa kitambaa kikavu, kwa kuzungusha mkono, mpaka ling'ae. Siku za mapumziko nilipangusa mwenyewe. Kijana alikuwa mtiifu, na hakukosa hata siku moja.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, boneti na paa vilianza kufifia. Jua likipiga, uliona mikwaruzo myembamba maelfu, imejizungusha kama utando wa buibui. Nilikasirika. Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia kwamba bila shaka amesugua gari kwa chuma cha kuoshea sufuria. Akakana. Nikasema ni mwongo. Sitarudia yote niliyosema siku ile. Kesho yake alifunga nguo zake, akaenda kwa mama yake Nyarugusu, na muhula ule hakuumaliza.

Mwaka 2018 mama yangu aliugua, akahitaji kupasuliwa, nikaamua kuuza gari. Mnunuzi alikuja saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Alilizunguka, akainama, akapunguza shilingi 1,500,000 papo hapo, akisema atalazimika kulipaka rangi upya. Nilimwomba siku moja, nikalipeleka kwa fundi rangi mmoja mjini Geita ili anipe maoni yake. Yule mzee, aliyeishia darasa la saba, aliwasha taa akaisogeza karibu na boneti. Akaniuliza, "Bwana mkubwa, mnapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu?" Nikajibu ndiyo. "Basi hii si kazi ya chuma. Ni vumbi na kitambaa. Unaona mizunguko hii? Ni mkono wenu unavyokwenda."

Ndugu Mwenyekiti, digrii yangu ya chuo kikuu haikunisaidia pale. Tena kilichoniumiza zaidi ni kwamba jambo lile nilikuwa nimekwisha kufundishwa katika shule yetu. Mtakumbuka mwalimu wetu wa jiografia alivyotuchorea ubaoni kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812. Kinaanzia 1, ambayo ni ulanga, hadi 10, ambayo ni almasi. Ukucha wa binadamu ni kama 2.5. Kisu cha kawaida ni kama 5.5. Lile jiwe jeupe gumu ambalo wataalamu huliita kwatzi ni 7. Sasa, dhahabu yetu hapa hukaa ndani ya mishipa ya jiwe hilo hilo. Dhahabu yenyewe ni laini, haizidi 3. Lililoibeba ndilo gumu. Karasha zinaposaga mawe usiku na mchana, vumbi linaloruka lina chembe za jiwe linaloweza kukwaruza kisu. Mimi nilikuwa nimempa mtoto fulana akavu na kumwamuru azisugue chembe hizo juu ya rangi kila siku.

Na rangi yenyewe ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Gari la siku hizi lina matabaka: juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi dhidi ya jua. Kwa kawaida unene wake ni maikroni 40 hadi 50. Milimita moja ina maikroni 1,000, kwa hiyo tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele. Likiisha halirudi, isipokuwa kwa kupuliza upya. Baadhi ya magari, hasa meupe, hayana klia kabisa. Utayatambua ukiyapiga polishi, kwa sababu kitambaa hugeuka rangi ya gari.

Kwa hiyo, nikiambiwa nifupishe hotuba hii kwa maneno machache, nitasema: maji kwanza, mkono baadaye. Vumbi huondolewa na maji. Mkono huja kumalizia tu. Sasa naomba nieleze namna ya kuanza, kwa vifaa ambavyo mtu wa kijijini anaweza kuvipata.

Kwanza, mahali na wakati. Osha asubuhi au jioni, kivulini, bodi ikiwa baridi. Ukiosha juani, maji hukauka kabla hujamaliza, na chumvi za maji ya kisima huacha madoa ambayo baadaye ni shida kuyatoa.

Pili, vifaa. Tafuta ndoo mbili, sabuni maalumu ya magari, vitambaa laini vya maikrofaiba visivyopungua vinne, na taulo kubwa la namna hiyo hiyo la kukaushia. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo. Ni kali, na huondoa nta yote uliyopaka. Dodoki, brashi ya viatu na fulana kuukuu viwe mbali kabisa.

Tatu, kulowesha. Wengi hatuna bomba la maji lenye nguvu. Keni ya kumwagilia bustani yatosha. Mimi hutumia bomba la mgongoni, lile la wakulima wa pamba, lakini liwe jipya ambalo halijawahi kutiwa dawa ya wadudu. Mwagia gari maji kuanzia juu kwenda chini, subiri dakika chache tope lilainike, mwagia tena. Katika hatua hii usiguse gari kwa kitu chochote. Sehemu kubwa ya vumbi itakuwa imekwisha kwenda zake.

Nne, kuosha. Ndoo moja iwe na maji ya sabuni, ya pili maji matupu. Chovya kitambaa katika sabuni, osha sehemu ndogo, kisha kabla ya kurudi kwenye sabuni kisuuze katika ndoo ya pili ili mchanga ubaki humo. Anza na paa, fuata vioo na boneti, kisha milango, na sehemu za chini mwisho, kwa sababu huko ndiko kwenye mchanga mwingi. Tairi na rimu ziwe na kitambaa chake peke yake. Peleka mkono kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Na kitambaa kikianguka chini, kazi yake siku hiyo imekwisha, hata kama unaona ni kisafi.

Tano, kukausha. Suuza kwa maji safi, kisha tandaza taulo juu ya bodi na ulibonyeze taratibu linywe maji. Kwa jumla, madumu matatu au manne ya lita 20 yanatosha kuosha gari dogo. Ikiwa siku hiyo maji hayapo, liache gari na vumbi lake. Vumbi lililotulia juu ya rangi halina madhara makubwa. Lenye madhara ni lile linalosuguliwa.

Hapo niseme neno juu ya turubai. Watu wengi hufunika gari ili vumbi lisiingie. Lakini turubai likifunikwa juu ya gari lenye vumbi, na upepo ukalitikisa usiku kucha, hugeuka msasa. Banda la nguzo nne na bati chache ni bora zaidi. Vivuli vya miembe navyo vina gharama yake, kwa sababu ya utomvu na vinyesi vya ndege. Kinyesi cha ndege huila klia, hasa jua likiwa kali. Usikikwangue. Weka juu yake kitambaa kilicholowa maji kwa dakika kadhaa, kilainike, kisha kiinue.

Sasa nakuja kwenye kinga. Hapa wengi huchanganya mambo mawili, polishi na nta. Polishi hukata. Inang'arisha kwa kupunguza klia kidogo mpaka kina cha mkwaruzo, na kwa hiyo haifai kufanywa kila mwezi. Nta haikati, bali hufunika. Anayeanza aanze na nta. Nta bora ya asili hutoka kwenye majani ya mnazi wa porini uitwao carnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Zipo pia zinazotengenezwa viwandani ambazo hudumu zaidi.

Kabla ya kupaka, pitisha vidole juu ya rangi iliyooshwa ikiwa bado ina maji ya sabuni. Ikiparuza kama karatasi ya msasa laini, kuna uchafu ulionata. Huo huondolewa kwa udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa juu ya maji mengi ya sabuni bila kukandamiza. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Kisha kausha gari, upake nta nyembamba sana, sehemu moja baada ya nyingine. Ikishakuwa na ukungu, ifute kwa kitambaa kisafi. Ukitaka kujua kama nta bado ipo, tazama mvua: maji yakijikusanya matone ya mviringo, ipo, yakitandaa kama shuka, imekwisha. Sisi tuko karibu digrii 3 tu kusini mwa Ikweta, na jua letu halina huruma. Mimi hupaka kila baada ya miezi miwili au mitatu, na sikosi kupaka kiangazi kinapoanza mwezi wa Juni.

Siku hizi kuna dawa za kupaka ambazo hukauka na kuwa ngumu kama kioo, na wauzaji husema gari halitakwaruzika tena. Ni dawa nzuri zikipakwa na mtu anayejua, lakini hufunga ndani yake mikwaruzo yote uliyoiacha chini, wala hazizuii kokoto za barabara. Jifunze kuosha kwanza.

Kuhusu kokoto, barabara zetu za changarawe hutoboa rangi hasa mbele ya boneti. Usidharau kitundu kidogo. Kutu huanzia hapo, na ndugu zetu wanaokaa karibu na bahari, Dar es Salaam au Tanga, wanajua chumvi inavyoiharakisha. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibati kilichopo mlangoni au chini ya boneti. Mpe fundi namba hiyo akuchanganyie rangi kidogo. Safisha kitundu, ondoa kutu kwa msasa laini, paka praima, kisha rangi kwa brashi ndogo, kidogo kidogo. Na nawasihi, acheni desturi ya kupaka gari dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Linang'aa saa moja, kisha linakusanya vumbi lote la kijiji.

Ndugu zangu, siwezi kumaliza nikiwa Rwamgasa bila kusema juu ya maji yanayotoka kwenye gari. Kijiji hiki kilichaguliwa kuwa eneo la Tanzania katika mradi wa kimataifa wa kupunguza madhara ya zebaki, ulioendeshwa na UNIDO kuanzia mwaka 2002 hadi 2007 katika nchi sita. Halikuchaguliwa kwa bahati. Tope la mialo na marudio yake huweza kuwa na zebaki, na tairi zetu hupita humo. Kwa hiyo usiruhusu watoto kucheza katika maji uliyooshea gari, wala usiyaelekeze kwenye kisima au tuta la mchicha. Usichote maji ya kuoshea kwenye madimbwi ya mialo. Na usiingize gari mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakinga mita 60 za kingo za mito, na kuna watu wanaokunywa chini ya pale unaposimama.

Naomba sasa nimalizie habari ya mpwa wangu. Gari niliuza kwa bei ile ile ya mnunuzi. Mama alipasuliwa Mwanza, na namshukuru Mungu alipona. Juma lililofuata nilipanda basi mpaka Nyarugusu. Nilimkuta kijana nyuma ya nyumba ya dada yangu akipasua kuni. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno, lakini nilipofika nikasema tu kwamba fundi amenionyesha, kwamba yeye hakusema uongo, na kwamba kosa lilikuwa langu tangu siku nilipompa fulana ile. Akasimama na shoka mkononi. Kisha akauliza, "Gari liko wapi, Mjomba?" Nikamwambia nimeliuza. Akasema, "Pole, Mjomba."

Alirudi shule, lakini ilimbidi kurudia mwaka mzima wa masomo. Rangi ya gari hulipwa kwa fedha. Mwaka ule wa mtoto sikuwa na pa kuulipia. Wazee wetu walisema nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimeitazama mizunguko ya mkono wangu mwenyewe kwa miezi mingi, nikaona mkono wa mtu mwingine.

Basi, mtakaporudi makwenu kesho, magari yatakuwa yamejaa vumbi la Rwamgasa. Nimeomba Kamati iweke pipa la maji safi na keni mbili pale chini ya bendera, mbali na kisima. Nawaomba kila mmoja alimwagie gari lake maji kabla hajatia mkono. Na nyumbani, kabla ya kumgombeza kijana aliyeliosha, mwulizeni kwanza ni nani aliyemfundisha.